Mtoto si mkaidi: maswali yenu kuhusu pombe na mimba

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali za Uganda: Soroti, Arua, Busia, Kasese na Kampala, na karibu zote zinauliza jambo moja: pombe anayokunywa mama akiwa na mimba inamfanya nini mtoto, hasa kwenye ubongo na katika kuishi na watu. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Nilijua nina mimba ikiwa tayari ina wiki kumi na moja. Kabla ya hapo kila Jumamosi nilikuwa nakunywa ajono (pombe ya ulezi) na wenzangu, na bia siku za sherehe. Mama mkwe anasema ajono ni uji tu, tena inaongeza damu. Je, mtoto ameshaharibika?
*Mama mtarajiwa, Soroti*

Dada, umeuliza mapema, na hilo ni jema. Hakuna anayeweza kukuambia leo kwamba mtoto ameharibika, na hakuna anayeweza kukuapia kwamba hakuguswa. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema kati ya kila wanawake 13 waliokunywa pombe wakiwa na mimba, mmoja huzaa mtoto mwenye madhara yanayotambulika. Nani atapatwa na nani atasalimika hutegemea kiasi kilichonywewa kwa kikao kimoja, kimerudiwa mara ngapi, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, mama alikuwa anakula nini, na mwili wake unaivunja pombe kwa kasi gani. Kulewa Jumamosi moja moja si jambo dogo hata kama wiki nzima hukugusa kitu. Pombe inapopanda sana kwenye damu kwa wakati mmoja ndipo inapoumiza zaidi.

Pombe huvuka kondo la nyuma kwa dakika chache, na muda si mrefu damu ya mtoto inakuwa na pombe karibu sawa na ya mama. Tofauti ni kwamba ini la mtoto bado changa, halina vimeng'enya vya kutosha kuivunja. Anaikojoa kwenye maji ya uzazi yanayomzunguka, kisha anayameza tena yale yale. Mama anaweza kuwa amelevuka kabisa na mtoto bado anayo.

Kuhusu ajono, tunamheshimu mama mkwe, lakini hapa amekosea. Uji wa ulezi haumlevyi mtu. Ajono inalewesha kwa sababu chachu imeshageuza sukari ya nafaka kuwa pombe ile ile iliyomo kwenye bia. Tena ina ugumu wake: chungu kinaongezwa maji ya moto kila mara, pombe inaendelea kutoka kwenye machicha, na watu kadhaa wanavuta kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mtu aliyekaa hapo kwa muda wa saa tatu hawezi kusema amekunywa kiasi gani. Bia angalau inahesabika: chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu, na mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Waragi (pombe kali) wa kiwandani wenye asilimia 40, mililita 200 tu, ni zaidi ya gramu 60. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mimba, cha kinywaji chochote.

Damu inaongezwa na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki, na chakula kama maharage, dodo (mchicha) na nyama. Kwa hiyo acha leo. Uso wa mtoto huanza kuumbwa wiki ya tatu na ya nne tangu mimba kutungwa, na kipindi hicho kimekupita. Lakini ubongo hujengwa miezi yote tisa. Ukiwa na wiki 24 uso wa ubongo wa mtoto bado karibu laini. Hadi kufikia kuzaliwa unakuwa umejikunja mikunjo yote unayoijua kwenye picha, na mamilioni ya seli zinashikana. Wiki zote zilizobaki ni zako kuzilinda.

Ukienda kliniki, mwambie mkunga wazi ulikunywa nini na mpaka wiki ya ngapi, kisha omba aandike kwenye kitabu chako. Maandishi hayo yanaweza kuwa na thamani kubwa miaka saba ijayo, kama utakavyoona kwenye jibu linalofuata. Mtoto akizaliwa, hakikisha kichwa chake kimepimwa kwa utepe, kuanzia juu ya nyusi hadi sehemu iliyotokeza zaidi nyuma, na kwamba namba imeandikwa. Wengi waliotimiza miezi yao huwa na sentimita 34 au 35. Kipimo hicho kirudiwe kila anapokwenda chanjo, kwa sababu kichwa kinachokua polepole kinatoa habari zaidi kuliko kipimo cha siku moja.

Ninalea mjukuu wangu wa miaka tisa. Mama yake alikuwa akipika waragi na kuunywa, hata alipokuwa na mimba yake. Mtoto ni mchangamfu, anaongea vizuri kuliko wenzake. Lakini anamfuata mtu yeyote anayemwita. Anachukua vitu vya watu waziwazi, kisha anasema hakuchukua. Ukimchapa leo, kesho anarudia. Watu wanasema nimemdekeza. Je, pombe inaweza kuharibu tabia?
*Bibi, Arua*

Bibi, shikamoo. Kwanza tukutoe hofu moja: haya uliyoyaeleza hayatokani na kudekezwa. Hatuwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini mambo matatu uliyoandika (kumwendea kila mtu, kukana jambo lililo wazi, na adhabu kutomfundisha) yakikutana na mimba iliyonyweshwa waragi, mtaalamu yeyote wa watoto atafikiria madhara ya pombe tumboni. Kwa kifupi yanaitwa FASD. Daktari Mfaransa aitwaye Lemoine aliandika habari za watoto wa namna hii huko Nantes mwaka 1968, na mwaka 1973 Jones na Smith wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa huo jina na alama zake. Kwa hiyo si jambo jipya, ila huku kwetu ni wachache wanaoulizwa habari zake.

Pombe inaua baadhi ya seli changa za neva, na nyingine inazizuia zisisafiri hadi mahali pake au zisishikane na wenzake inavyopaswa. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwa panya wachanga, walio katika kipindi cha ubongo kinachofanana na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu, kwamba pombe ya saa chache tu inaweza kuzifanya seli nyingi za ubongo zijiue zenyewe. Sehemu zinazoumia mara kwa mara zinajulikana. Kuna daraja la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto ya ubongo. Kwa baadhi ya watoto hawa ni jembamba, na kwa wachache halipo kabisa. Kuna ubongo mdogo wa kisogoni unaosawazisha mwendo. Kuna hipokampasi inayotunza kumbukumbu mpya. Na kuna ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ambao kazi yake ni kumwambia mtu: subiri, kumbuka kilichotokea mara ya mwisho, mwangalie huyu usoni kabla hujamsogelea.

Sasa tazama mjukuu wako kwa jicho hilo. Mtoto wa kawaida wa miaka tisa akiitwa na mgeni hufanya mambo kadhaa kwa nukta moja: anasoma uso wake, anakumbuka onyo lako, anajizuia. Kwa mtoto wako kujizuia huchelewa, na kusoma nyuso ni kazi ngumu. Anabaki na kitu kimoja tu, hamu ya kupendwa, nayo anayo tele. Ndiyo maana watoto hawa hutumiwa kirahisi na wakubwa wabaya, na wenzao huwatuma wakaibe.

Kuchukua vitu nako kuna mantiki yake. Umiliki ni wazo lisiloonekana. Kalamu iko mezani, mwenyewe hayupo, basi ni ya anayeiona. Ulimfundisha asichukue kalamu ya jirani na akaelewa kabisa, ila hakujua kwamba kanuni hiyo inahusu pia daftari la jirani, au kalamu ya shangazi. Kanuni moja haihami yenyewe kwenda mahali pengine. Inabidi uihamishe wewe, kitu kwa kitu.

Na ule uongo? Mara nyingi si uongo. Kumbukumbu yake ina mashimo, na ukimuuliza kwa ukali "kwa nini?" atalijaza shimo kwa jibu lolote litakalokutuliza, naye ataliamini. Acha kumuuliza kwa nini. Sema: "Hii kalamu ni ya Baba wa pale. Twende tuirudishe." Nenda naye, airudishe kwa mkono wake, yaishe. Fimbo haifanyi kazi kwa sababu inamtaka aunganishe maumivu ya sasa na kosa la asubuhi, na kiungo hicho ndicho kilichojeruhiwa. Isitoshe, mfumo wa mwili unaoshughulikia hofu kwa watoto hawa huwaka haraka na kuchelewa kuzima. Mtoto aliyeogopa hajifunzi chochote mchana ule.

Kuongea vizuri kusikudanganye. Ufasaha wao hutangulia uelewa wao mbali sana, na hapo ndipo watu wanaposema "anajua, anafanya makusudi". Katika mambo ya kijamii mpe umri wa miaka mitano au sita hivi. Je, mtoto wa miaka mitano ungemtuma sokoni na shilingi elfu ishirini? Ungemwacha aende kisimani peke yake jioni? Ukibadilisha matarajio yako, nusu ya ugomvi wa nyumbani unaisha. Pengo hili kati yake na wenzake huongezeka wakikua, kwa hiyo miaka ya ujana ndiyo ya kujiandalia.

Fanya hivi kwa mpangilio. Mpeleke apimwe masikio na macho kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi. Mweleze daktari kama aliwahi kuugua malaria ya kupanda kichwani, kama ana kifafa, na kama alichelewa kulia alipozaliwa. Yote hayo yanaweza kuleta picha inayofanana. Hakuna kipimo cha damu cha FASD. Daktari atapima urefu, uzito na kichwa, ataangalia uso, kisha ataomba uchunguzi wa akili: kumbukumbu, umakini, lugha, hesabu, kujizuia, kuishi na watu. Ili aseme ni FASD, angalau maeneo matatu ya namna hii lazima yawe yamedhoofika sana. Hospitali ya rufaa ya Arua ndiyo pa kuanzia.

Kuhusu uso, tuseme kitu ambacho hukosewa mara nyingi. Alama ni tatu: macho yenye mpasuko mfupi, kamfereji kati ya pua na mdomo kaliko laini badala ya kuwa na bonde, na mdomo wa juu mwembamba. Mpasuko wa jicho hupimwa kwa rula, kona hadi kona, kwa milimita. Mdomo hulinganishwa na picha za kupimia, na zipo picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye asili ya Afrika, maana kinachoitwa mdomo mwembamba Ulaya si kipimo chetu. Jirani asimtazame mtoto barazani akatoa hukumu. Na watoto wengi wenye FASD hawana alama hata moja usoni. Kwa hao, ushahidi mkubwa ni habari ya mimba: nani alimwona mama akinywa, nini, miezi gani. Ukiwasiliana na mama yake, muulize kwa upole. Mwanamke anayepika waragi hulazimika kuuonja ili ajue umeiva, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia madhara yake. Ukimlaumu, atafunga mdomo, na mtoto atakosa habari anayoihitaji.

Bibi, kuna jambo moja la kukutia nguvu, na linatokana na utafiti wa miaka mingi kule Seattle: watoto hawa hufika ukubwani salama zaidi wakiishi kwenye nyumba moja iliyotulia, bila kupigwa, na shida yao ikitambuliwa mapema. Nyumba unayo.

Nina mtoto wa namna hiyo darasani, Primari 3, na wanafunzi zaidi ya 80. Nifanye nini bila kuwaacha wengine?
*Mwalimu, Busia*

Mwalimu, mengi ya tunayokuambia yatawasaidia na wengine. Mkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mwenzake mtulivu ambaye hamchekeshi. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. "Toeni daftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa 14" kwake ni maagizo matatu, na la kwanza limeshapotea. Sema la kwanza, ngoja, gusa dawati lake, kisha la pili. Mwambie cha kufanya badala ya cha kuacha: "weka mikono mezani" inafanyika, "acha utundu" haina pa kushika. Usimuulize "umeelewa?" maana siku zote atasema ndiyo. Mwambie akuonyeshe.

Tumia maneno yale yale kila siku, na umwombe mwalimu wa zamu naye ayatumie. Ukisema "keti" na mwenzako akasema "tulia", kwa mtoto huyu ni sheria mbili. Chora picha nne kwenye kipande cha boksi: kuingia, kuandika, uji, kucheza. Kibandike kwenye dawati lake. Ratiba ikibadilika, mwambie kabla, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ndiyo huleta vurugu nyingi zinazoitwa utovu wa nidhamu.

Wakati wa mapumziko ndipo shida inapozidi, si wakati wa hesabu. Uwanja wa wazi wenye kelele na mamia ya watoto humchanganya. Ndipo anaposukuma, anapokumbatia asiyetaka, anapochezewa. Mpe kazi ya kudumu dakika hizo, kubeba chaki au kupanga vikombe vya uji na mwenzake mmoja. Wafundishe wote, siyo yeye tu, salamu za hatua tatu: simama umbali wa mkono mmoja, mwangalie mtu, sema jina lake. Igizeni mara kadhaa. Kanuni ya wageni iwe fupi: "akikuita mtu, kwanza njoo kwa mwalimu." Irudie kila siku muhula mzima, na ukipumzika wiki mbili za likizo, anza upya bila kukata tamaa. Jana alijua saba mara nane, leo hajui, kesho atajua. Ndivyo kumbukumbu hiyo inavyofanya kazi, na kumwita mvivu kutaifunga kabisa.

Fimbo, mwalimu, imeshakatazwa shuleni na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na kwa mtoto huyu ingekuwa bure hata kama ingeruhusiwa. Wasiliana na ofisi ya elimu ya wilaya uulize mwalimu wa mahitaji maalum aliye karibu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kimewafundisha wengi. Na akikaribia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, shule imwombee mapema muda wa ziada kwa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Karatasi za daktari zitahitajika, kwa hiyo zisisubiri mpaka P.7.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate waragi. Nimeamua kumfungia ndani wiki moja ili aache. Ni sawa?
*Mume, Kasese*

Hapana, ndugu, usifanye hivyo. Kutetemeka asubuhi na kutulia akinywa ni alama kwamba mwili wake umeshakuwa mtumwa wa pombe. Mtu wa hali hiyo akikatiwa ghafla huanza kutokwa jasho, kutapika na kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kupayuka, kuona vitu visivyokuwepo na kupanda joto. Bila matibabu hali hiyo huua, na ikimkuta mjamzito inahatarisha roho mbili.

Anapaswa kuacha, ila aache akiwa amelazwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linasema wajawazito walioathirika na pombe watolewe pombe hospitalini, chini ya uangalizi. Hupewa dawa ya kutuliza ya jamii ya diazepamu kwa siku chache, ikipunguzwa hatua kwa hatua, na vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya sukari. Wanywaji wakubwa huishiwa vitamini hiyo, na sukari ikitangulia ubongo unaweza kuumia. Vidonge vile vya kumfanya mtu atapike akigusa pombe havifai kwa mjamzito. Usimnunulie dawa dukani.

Mpeleke kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali, kesho kama si leo. Kama atahitaji zaidi, hospitali za rufaa za Fort Portal na Mbarara zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina wodi ya walioathirika na pombe. Mpaka mfike huko asikatiwe ghafla. Ale, anywe maji, asibaki peke yake. Akianguka degedege, mlaze ubavu wa kushoto, usimtie kitu mdomoni, tafuta gari mara moja.

Na wewe usinywe mbele yake. Chupa zikibaki chumbani, wiki ya kwanza akirudi zitamshinda.

Mume wangu ndiye anayekunywa, mimi sinywi. Mtoto ataathirika?
*Kampala*

FASD inatokana na pombe inayopita kwenye damu ya mama, kwa hiyo hiyo haitampata. Unywaji mkubwa wa baba kabla ya mimba unachunguzwa, na kwa wanyama umeonyesha dalili za kuathiri mbegu na ukuaji wa watoto. Akipumzika miezi mitatu kabla hamjatafuta mimba atapata faida, kwa sababu mbegu za kiume huchukua takribani siku 70 hivi kutengenezwa. Zaidi ya hapo, ubishi na vipigo vya ulevi nyumbani humuumiza mjamzito kwa njia nyingine, na mkunga anapaswa kuambiwa.

Nimejifungua. Wanasema tonto (pombe ya ndizi) inaleta maziwa. Naweza?
*Mama wa mtoto wa wiki tatu, Kasese*

Inayapunguza. Pombe huzuia homoni inayosukuma maziwa yatoke, na mtoto hupata maziwa pungufu saa zinazofuata, hata kama wewe unahisi matiti yamejaa. Kiasi cha pombe kwenye maziwa hulingana na kilichomo kwenye damu, na hushuka kadiri damu inavyosafika. Kukamua na kumwaga hakuharakishi chochote. Kama umeshakunywa bia ya nusu lita, subiri saa nne au tano kabla ya kunyonyesha, na usilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, pamoja na maji, uji wa ulezi usiochachushwa na chakula cha kushiba.